Mshahara wa Kwanza wa Mhandisi Mhitimu: Namna ya Kujadiliana na Mwajiri Arusha na Moshi

Mhitimu wa uhandisi anapopigiwa simu na kampuni ya Arusha au Moshi na kuambiwa amepata kazi, ushauri wa kwanza atakaousikia kwa ndugu na marafiki ni kwamba akubali upesi, kwa kuwa ajira ni adimu na mengine yatafuata. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini una gharama, kwa sababu nyongeza za miaka ijayo mara nyingi hukokotolewa kwa asilimia ya mshahara ulioanza nao, na mwajiri wako wa pili naye atataka kujua wa kwanza alikuwa anakulipa kiasi gani. Kuuliza kwa adabu kama kiwango kinaweza kupanda si utovu wa shukrani. Jambo la lazima ni kuuliza ukiwa umekwisha kupiga hesabu.

Kwanza tambua kama kuna cha kujadili. Ukiajiriwa na halmashauri, TANESCO au mamlaka ya maji ya mji, ngazi ya mshahara imekwisha kupangwa na afisa anayekukabidhi barua hana mamlaka ya kuibadili. Hakikisha tu kwamba cheo kilichoandikwa kinalingana na shahada yako. Majadiliano yana nafasi katika sekta binafsi: viwandani, kwa wakandarasi, katika kampuni za wahandisi washauri, hotelini na kwenye mashamba makubwa yenye mitambo ya umwagiliaji.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua mfano wa mshahara wa msingi wa shilingi 900,000 kwa mwezi katika kampuni binafsi. Mchango wako wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao kwa kawaida ni asilimia 10, ni shilingi 90,000, na mwajiri huchangia asilimia 10 nyingine kutoka mfukoni mwake. Kodi ya mapato hukokotolewa kwa kinachobaki, yaani 810,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, kipato kilicho kati ya 760,000 na 1,000,000 hulipiwa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kile kinachozidi 760,000, kwa hiyo kodi yako ni 80,500. Ikiwa ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi hukatwa pia, nayo ni 135,000. Unabaki na 594,500. Rudia hesabu hiyo kwa mshahara wa 1,000,000 na utapata 647,000. Maana yake ni kwamba kila laki moja unayoongezewa katika ngazi hii inakufikia mkononi kama 52,500. Mhitimu asiyelijua hilo huridhika na nyongeza ambayo haitoshi hata nauli na chakula cha mchana, kisha mwezi wa kwanza unapoisha hushangaa fedha zimekwenda wapi.

Makato hayo ndiyo yanayoufanya mgawanyo wa malipo kuwa jambo zito kuliko jumla yake. Wapo waajiri wanaotoa 900,000 ileile kwa kuigawa: mshahara wa msingi 500,000, na posho za nyumba, usafiri na simu 400,000. Mwezi huo utaona nafuu, kwa sababu makato ya mkopo yatashuka hadi 75,000, lakini deni lako halijapungua, na haki nyingi za kisheria hupimwa kwa mshahara wa msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha msingi. Kwa msingi wa 900,000, saa moja ya ziada ni takribani shilingi 6,900; kwa msingi wa 500,000 ni takribani 3,800. Kiinua mgongo cha kuachishwa kazi nacho, siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka kumi, hupungua vivyo hivyo. Mhandisi anayeanza, ambaye bado si meneja, na ambaye atakesha saiti zege linapomwagwa au kiwandani mtambo unapofanyiwa matengenezo makubwa, ana sababu ya kuomba kwamba sehemu kubwa ya malipo iwe mshahara wa msingi. Kwa maoni yangu, hili linastahili kupiganiwa kuliko posho yoyote.

Uwe makini pia na kiwango kinachotajwa kwa mdomo. Mkandarasi mdogo anaposema atakupa laki sita, uliza kwa utulivu kama hiyo ni ghafi, yaani kabla ya makato, au ya mkononi. Ikiwa ni ya mkononi, uliza kama michango ya NSSF itapelekwa kwa jina lako na kama kampuni imesajiliwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake na ndio unaokulinda ukiumia saiti. Laki sita isiyo na michango ni ndogo kuliko inavyosikika.

Ili upate kiwango cha kuomba, waulize waliokutangulia kwa mwaka mmoja au miwili katika fani yako na katika mikoa hii hii, kwa sababu mishahara ya Dar es Salaam haiwezi kuhamishiwa Moshi ilivyo. Hesabu pia gharama za kuanza maisha. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na anayepanga Njiro huku kazi ikiwa Usa River atalipa nauli mara mbili kila siku. Hayo ni yako ya kukujulisha kiwango ambacho chini yake huwezi kushuka. Usiyapeleke mezani kama hoja, kwa sababu mwajiri hakulipi kwa shida zako. Mezani peleka kazi unayoiweza: mafunzo kwa vitendo uliyoyafanya na ulichokiacha huko, mradi wako wa mwisho ikiwa unahusiana na shughuli zao, programu za usanifu unazozimudu, leseni ya udereva kama kazi ni ya kuzunguka.

Kuna malipo mengine ambayo mhitimu wa uhandisi asiyasahau. Bodi ya Usajili wa Wahandisi hukusajili kwanza kuwa mhandisi mhitimu, na ili ufikie uhandisi mtaalamu unahitaji uzoefu wa vitendo unaosimamiwa, ambao katika mpango wa bodi ni wa miaka mitatu. Uliza kama kampuni ina mhandisi mtaalamu atakayekusimamia na kusaini kumbukumbu zako, na kama italipia ada zako za bodi. Kati ya kampuni mbili, ningemshauri mdogo wangu achague ile yenye msimamizi hata kama inalipa pungufu ya laki moja, kwa sababu miaka mitatu isiyo na msimamizi hairudishwi na mshahara.

Katika usaili, ukiulizwa unategemea kulipwa kiasi gani, omba kwanza kujua kampuni imetenga kiasi gani kwa nafasi hiyo. Ukibanwa, taja kiwango cha chini na cha juu, na kile cha chini kiwe ambacho kweli utakikubali. Majadiliano yenyewe yasubiri hadi utamkiwe kwamba umechaguliwa. Hapo, baada ya salamu zinazomstahili mtu aliye mbele yako, sema jambo lako kwa ufupi: “Nashukuru sana kwa nafasi hii, na ningependa kufanya kazi nanyi. Nimepitia majukumu na makato, nikaona mshahara wa msingi wa 1,050,000 ungelingana na kazi hii. Je, linawezekana kuzungumzwa?” Kisha nyamaza usikilize. Wengi hapo huanza kujitetea na kujishusha wenyewe kabla hawajajibiwa.

Akisema bajeti hairuhusu, omba kiwango kipitiwe upya baada ya kipindi cha majaribio, kwa tarehe na kiasi vinavyotajwa, au omba gharama za kuhamia, usafiri wa kampuni, bima ya afya inayowagusa wategemezi. Chochote kitakachokubaliwa kiingie katika mkataba kabla hujasaini, pamoja na mshahara wa msingi ukitajwa peke yake, saa za kazi, likizo ya siku 28 na muda wa majaribio. Omba siku mbili za kuusoma. Ukikuta kilichoandikwa si kile mlichokubaliana, mpigie aliyekuhudumia, mtajie kifungu, na usisaini hadi kirekebishwe.