Kabla hujawafundisha watoto mvutano wa sayari, andaa hivi vitu

Kama unaandaa kipindi cha sayari kwa watoto wa tuisheni hapa Mwanza, iwe Igoma, Nyegezi au Kirumba, kabla hata hujagusa chaki tafuta mizani, na nasema mizani mbili sio moja. Ile ya kuning'iniza yenye springi na ndoano, na ile ya mawe yenye sahani mbili. Wengi wanaenda na moja afu somo linakwama, maana mtoto akiuliza kwani nikienda Mirihi (Mars) napungua mwili, huna cha kumwonyesha. Mwili haupungui hata chembe, tungamo, yaani wingi wa kilichomo ndani ya kitu, ni lilelile, kinachopungua ni vile sayari inavyokuvuta. Chukua mfuko wa dagaa wa kilo 10: ukiupima kwa mawe kule Mirihi utalingana na jiwe la kilo 10 kama kawaida, kwa sababu jiwe nalo linavutwa kidogo sawasawa na dagaa, ila ukiuning'iniza kwenye springi mshale utasoma kilo 3.8 hivi. Mtoto akishika hapo mengine yanaingia yenyewe.

Namba za mvutano ziandike pembeni usizitegemee kichwani. Dunia 9.8, yaani kitu kikidondoka kila sekunde kinaongeza kasi kwa mita 9.8 kwa sekunde. Mwezi 1.6, Utaridi (Mercury) na Mirihi zote 3.7, Zuhura (Venus) 8.9, Zohali (Saturn) 10.4, Neptune 11.2, Mshtarii (Jupiter) 24.8.

Sasa hapa ndo ujiandae vizuri, kwa sababu watoto wataona Mshtarii ina tungamo mara 318 ya Dunia na watakwambia basi huko mtu ana uzito mara 318. Inatoka kama mara 2 na nusu tu. Mvutano wa juu ya sayari unaongezeka na tungamo, lakini unapungua na umbali kutoka katikati, tena umbali huo ukizidishwa kwa wenyewe, na Mshtarii ni pana karibu mara 11 ya Dunia, kwahiyo ukisimama pale juu uko mbali sana na katikati. Gawanya 318 kwa 11 mara 11, waache wapige wenyewe kwa kalkuleta. Hata Zohali ni hivyohivyo, tungamo mara 95 lakini mvutano umeizidi Dunia kidogo tu. Na mfano ninaoupenda mimi kuliko yote ni Utaridi na Mirihi: Mirihi ina tungamo karibu mara mbili ya Utaridi, ila Utaridi ni ndogo na imeshindiliwa, chuma kimejaa ndani, zinaishia kuvuta karibu sawa.

Uwe na jibu pia la atakayetaka kujua tutasimama wapi huko Mshtarii, kwa sababu hakuna ardhi, ni gesi, hiyo 24.8 inahesabiwa pale juu kwenye mawingu.

Afu ndoo. Maji yawe ya bomba, usiwatume watoto kuchota ziwani, kichocho bado kipo. Pima ndoo tupu kwanza maana nayo ina uzito wake, halafu jaza mpaka ndoo na maji vifike kilo 10, hiyo ni Dunia. Nyingine kilo 3.8 iandike Mirihi, nyingine kilo 1.6 na kidogo ni Mwezi. Waziinue kwa zamu, mkono uleule, wasikie mshikio wa ndoo ya Dunia unavyokata vidole na ule wa Mwezi unavyoning'inia tu. Ya Mshtarii ingekuwa kilo 25, usimbebeshe mtoto wa darasa la tano, mwambie aivute tu bila kuinyanyua.

Ila ndoo hizi zina kasoro moja ambayo lazima uwaambie mapema, kwamba sisi tumepunguza maji yenyewe, wakati kule Mirihi maji yangekuwa yote. Kwahiyo mfuko wa simenti wa kilo 50 kule ungeunyanyua kama wa kilo 19, lakini ukiwa umefungwa kamba unabembea ukaja kukupiga kifuani kwa kasi ileile ya hapa, unakuumiza vilevile kama uko Igoma, maana tungamo ni lilelile.