SOMO: Kuandaa faili la kupeleka kiwandani kuchapwa (soma lote kabla ya kuuliza)

Wiki hii pekee nimeulizwa mara nne "mbona rangi zimetoka tofauti?" Naandika hapa mara moja. Ukiniuliza tena nitakutumia kiungo cha uzi huu bila salamu.

1. Fungua kazi kwa ukubwa itakaokuwa nao baada ya kukatwa. A5 ni milimita 148 kwa 210.

2. Blidi. Rangi au picha inayofika ukingoni ivuke ukingo kwa milimita 3 kila upande, kwa hiyo A5 hiyo inakuwa 154 kwa 216. Kisu kinakata rundo zima na karatasi huteleza kidogo. Bila blidi utapata ukanda mweupe pembeni. Maandishi yakae ndani, walau milimita 5 kutoka mkato.

3. Picha: pikseli 300 kwa inchi, kwa ukubwa itakaochapwa. Yenye upana wa pikseli 1,200 inatosha inchi 4 tu. Kuandika "300" kwenye programu hakuzalishi pikseli.

4. Rangi ni CMYK, yaani wino nne za kiwandani: samawati (C), majenta (M), njano (Y) na nyeusi (K). Si RGB, rangi za mwanga wa skrini: nyekundu, kijani na bluu. Skrini inawaka, karatasi haiwaki. Kile kijani cha kumetameta hakimo kwenye wino wa kawaida. Uliza kiwanda wanataka profaili ipi (maelezo ya jinsi rangi zinavyotoka kwenye mashine na karatasi yao) kabla hujabadilisha chochote.

5. Maandishi madogo meusi yawe K 100 peke yake, yaani nyeusi asilimia 100 bila wino nyingine. Yakiwa na wino nne, pleti moja (bamba linalochapa wino mmoja) ikisogea unywele tu, herufi zinapata vivuli vya rangi.

6. Ovaprinti. Hapa nikae kidogo, maana ndipo nilipolia. Nilipewa nembo nyeusi ya mteja, imewekewa ovaprinti, yaani ichapwe juu ya rangi ya chini bila kuitoboa. Kwa nyeusi ni sawa kabisa. Nikaigeuza nyeupe ikae juu ya bluu ya jalada, na ovaprinti ikabaki palepale. Sasa, nyeupe kiwandani si wino, ni karatasi iliyoachwa wazi. Ukiiambia isiitoboe bluu, hakuna kitakachoonekana. Kwenye skrini nembo ilikuwepo, mteja akaiona, akasaini. Majalada 2,000 yakatoka bluu tupu. Nililichukua moja nikaliinamisha dirishani, nikitafuta hata alama ya kucha. Gharama nililipa mimi.

Kwa hiyo kila ukibadilisha rangi ya kitu, angalia ovaprinti yake. Ukishatoa PDF, usiihakiki kwenye kivinjari. Ifungue kwenye programu inayoonyesha ovaprinti na wino mmoja mmoja (Acrobat Pro inaweza), uzime wino kwa zamu uone kinachobaki. NYEUPE ISIWE NA OVAPRINTI. KAMWE.

7. Fonti zipachikwe ndani ya PDF. Toa PDF/X-4, au PDF/X-1a wakikuomba hiyo (zote ni aina za PDF za kuchapia).

8. Kijitabu cha kubanwa pini katikati: idadi ya kurasa igawanyike kwa 4.

9. Printa nakala moja kwa asilimia 100, ikate, mpe mtu mwingine asome namba ya simu. Wewe umeshaizoea, hutaona kosa.

MASWALI

– Mkuu, picha nimeitoa WhatsApp, itatoka safi kwenye bango?
– Hatua ya 3.
– Lakini kwenye simu iko safi kabisa.
– Tunachapa simu? Mwambie aliyekutumia airudishe kama faili, si kama picha. WhatsApp inabana picha.

– Mimi miaka yote napeleka RGB na inatoka poa. Unatutisha tu.
– Kiwandani kuna mtu anakubadilishia kimyakimya. Akienda likizo utamjua.
– Wenyewe ndio wameniambia niwaachie RGB.
– Basi waachie, PDF/X-4 inaruhusu. Nimeandika "uliza kiwanda". Hukusoma.

– Ahsante kwa somo. Swali la kujifunza: kama ovaprinti ni hatari hivyo, kwa nini ipo? Nizime zote?
– Swali zuri, dada. Usizime zote. Herufi ndogo nyeusi juu ya rangi ikitoboa, pleti ikisogea kidogo unaona mstari mweupe ukizunguka herufi. Ikichapwa juu bila kutoboa, mstari huo haupo. Nyeusi ndogo iache.
– Na eneo kubwa jeusi, kama jalada zima?
– Hapo K 100 peke yake inatoka kama kijivu kilichochoka. Ongeza wino nyingine chini yake, mfano C 40, M 30, Y 30, jumla pamoja na K 100 inakuwa 200. Usijaze zote nne 100: hiyo ni 400, karatasi inalowa, wino haukauki na unahamia karatasi ya juu yake. Kila kiwanda kina kikomo chake, kiulize.

– Naongezea kwa wenye vitabu: upana wa mgongo msiubahatishe. Kurasa 200 ni karatasi 100. Karatasi ikiwa na unene wa milimita 0.1, mgongo ni milimita 10. Unene muulize mchapaji, uzito wa karatasi hautoshi.
– Sahihi, mkuu. Karatasi mbili za gramu 80 zinaweza kuwa na unene tofauti. Naiingiza hatua ya 8.