Sukari ya mimba na wali wa sinia

Mimba yangu ya tatu ilinikuta Wete, Pemba. Kiu nikasema ni joto la kaskazi, kukojoa usiku nikasema ndiyo mimba yenyewe. Kumbe sukari imepanda. Haya ninayoandika ni niliyofundishwa kliniki na niliyoyajaribu jikoni kwangu.

Hatua ya 1: pima. Wakati wake ni wiki ya 24 hadi 28, maana hapo homoni za kondo la nyuma zinaizuia insulini, ile inayoshusha sukari ya damu, kufanya kazi. Unakwenda na njaa tangu usiku, unapimwa, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha unapimwa tena baada ya saa 1 na saa 2. Ya njaa ikifika 5.1 (namba zote hapa ni za mmol/L), ya saa 1 ikifika 10.0, au ya saa 2 ikifika 8.5, basi unayo sukari ya mimba. Moja tu yatosha. Kama kwenu kuna ugonjwa wa sukari, au ulizaa mtoto wa kilo 4 na zaidi, omba upimwe mapema. Na ukiambiwa "wewe mwembamba, huna haja", usiondoke.

Hatua ya 2: jipakulie chakula chako kando. Hapa ndipo penye kazi. Kwenye sinia mkono haujui umekula kiasi gani. Nilichukua sahani ndogo: nusu mchicha na bamia, robo samaki au kunde, robo wali, yaani ngumi yangu moja. Mama mkwe alininunia siku mbili, "Umetutenga?" Nikamkalisha atazame mashine ya kupimia sukari. Siku ya sinia, saa 2 baada ya kula, 9.4. Siku ya sahani, 6.5. Akanyamaza, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akinipakulia.

Wengi huogopa wali wakaenda kujaza muhogo wa nazi. Muhogo, ndizi mbichi, viazi, boflo, vyote wanga. Chagua kimoja kwa mlo. Juisi ya miwa iache mpaka ujifungue. Na usiruke mlo kwa kujiadhibu: kula milo 3 midogo na vitafunio kidogo katikati, kama karanga au yai.

Hatua ya 3: tembea robo saa baada ya kula, hata uani.

Hatua ya 4: andika namba. Lengo ni chini ya 5.3 kabla ya kunywa chai ya asubuhi, na chini ya 6.7 saa 2 baada ya kula. Vijiti vya kupimia ni ghali, na mama ambaye kopo la vijiti linashindana na kitoweo cha watoto asiitwe mkaidi. Mwambie mkunga ukweli wa mfuko wako, mpange siku zipi upime. Sindano ya kuchomea kidole usiazimane na mtu.

Maswali ninayoulizwa

*Asali na tende ni vya asili, vinadhuru nini?*
Damu haiulizi asali imetoka mzinga gani, shoga yangu. Tende moja pamoja na chakula, sawa. Saba kwa mkupuo, hapana.

*Nimeambiwa nianze insulini. Haitamdhuru mtoto?*
Insulini haipiti kwenye kondo kwenda kwa mtoto. Sukari ndiyo inayopita. Inamnenepesha, na akizaliwa sukari yake inaweza kushuka ghafla. Ndiyo maana anyonyeshwe mapema.

*Ramadhani imekaribia, nifunge?*
Zungumza na daktari wako kabla mwezi haujaandama, hasa ukiwa unachoma insulini. Mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto anayo ruhusa ya kula akalipa baadaye.

*Nimejifungua, sukari imerudi chini. Nimemaliza?*
Bado. Rudi upimwe wiki ya 6 hadi 12, halafu tena kila baada ya mwaka 1 hadi 3, maana wewe sasa uko karibu zaidi na kisukari cha kudumu. Ile kadi ya kliniki usiitupe.