Namna ya kusoma majibu ya saratani ya mji wa mimba

Majibu ya maabara ya mama, baada ya upasuaji, niliyasoma mezani, kalamu mkononi. Nawe fanya hivyo. Anza na hili: saratani imezama kiasi gani kwenye msuli wa mji wa mimba? Chini ya nusu ni afadhali. Ikifika nusu au kupita, hatari ya kurudi hupanda. Kisha pigia mstari panapotajwa shingo ya kizazi, ovari (vifuko vya mayai) na tezi za limfu (vijitezi vya kinga ya mwili): saratani imefika huko? Ya mama ilikutwa kwenye tezi moja, yaani hatua ya 3 kati ya 4, ndiyo maana akaanzishiwa kemo (dawa za kuua seli za saratani). Ikishafika mapafuni au kwenye ini ni hatua ya 4, na kupona kabisa huwa vigumu. Muulize daktari, tena usione haya: "Tezi ngapi zilikaguliwa?"