Ukienda Guangzhou kufunga mzigo usiikose chai ya asubuhi: jinsi ya kula dim sum

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo ninaowajua wameshaenda Guangzhou mara tano, wengine mara kumi, na bado hawajawahi kukaa asubuhi kwenye mgahawa wa Wakantoni wakala dim sum, vile vitafunwa vidogo vinavyoliwa na chai. Wanafikia Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, wanakula wali kuku kwenye migahawa ya Waafrika au tambi za Waislamu wa Lanzhou, wanakimbia sokoni, wanarudi hotelini, wiki imeisha. Inaniuma kwa kweli, maana ule mji sifa yake ni chakula, Wachina wenyewe wana msemo kwamba kula ni Guangzhou. Kwa hiyo naandika hii kwa yeyote anayekwenda, iwe mzigo, iwe maonyesho ya Canton Fair ya mwezi wa nne na wa kumi, iwe shule, ili siku mtu wa kiwandani akikualika, au ukiamua kuingia mwenyewe, ujue pa kuanzia.

Cha kwanza kabisa elewa kwamba hii ni CHAI. Wenyewe hawasemi twende tukale dim sum, wanasema yam cha, yaani kunywa chai, na dim sum ni vitafunwa vyake. Si unajua sisi tuna chai na maandazi, chai na sambusa, na watu wa pwani wana chai na mahamri na mbaazi? Basi ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba vitafunwa vyao viko aina hamsini na watu wanakaa mezani saa mbili nzima wakipiga stori. Ukishaichukua hivyo mengine yote yanakaa sawa, hutaagiza kwa pupa, hutashangaa mbona sahani ni ndogo, na hutaondoka kabla wenzako hawajamaliza maongezi.

Nenda asubuhi, kati ya saa mbili na saa tano. Jumamosi na Jumapili familia nzima zinajaa, bibi, babu, wajukuu, unachukua namba mlangoni unasubiri hata saa nzima, kwa hiyo kama una uhuru chagua siku ya kazi. Migahawa ya zamani ipo, Tao Tao Ju ipo tangu 1880 na Guangzhou Restaurant tangu 1935, ila kwa mara ya kwanza mimi nakushauri uanze na ya kawaida tu kama Dian Dou De, ina matawi mengi, wanauza dim sum mchana kutwa na menyu ina picha. Kwenye mgahawa wa namna hii kikapu kimoja kidogo cha dim sum ni kama yuan (pesa ya China) 15 mpaka 40 hivi, na huhitaji kuvaa chochote cha maana.

Ukikaa tu unaulizwa chai gani, kabla ya chakula. Usibabaike. Bo lei (ndo pu'er) ni nyeusi nzito, inaendana na vitu vya mafuta. Guk fa ni maua ya krisanthemamu, nyepesi, haina ukali, nzuri kwa ambaye hajazoea. Tit gun yam iko katikati na ina harufu nzuri sana. Mimi naagiza guk bo, ambayo ni bo lei wamechanganya na yale maua, na sijawahi kujuta. Hakuna sukari, hakuna maziwa, na usiombe, maana utamu wa chakula unategemea hiyo chai kusafisha mdomo kila baada ya tonge. Chai inalipiwa kwa kichwa, yuan chache kila mtu, hata mtoto wakati mwingine, kwa hiyo ukiiona kwenye bili usianze kugombana ukidhani umeibiwa.

Halafu utaona wenyeji wanaosha vyombo mezani. Mara ya kwanza nilidhani ni vichafu. Hapana, ni desturi, unaweka kikombe, kijiko na ncha za vijiti kwenye bakuli lako dogo, unamimina chai ya kwanza au maji ya moto, unazungusha, unamwaga kwenye lile bakuli kubwa la katikati. Mkubwa akiwepo mezani muoshee na vyake, wanalipenda sana hilo.

Kumimina sasa. Usijimiminie peke yako, anza na wenzako, mkubwa kwanza, wewe mwisho. Na mtu akikumiminia, unagonga meza na vidole viwili, cha shahada na cha kati, mara mbili tatu taratibu pembeni ya kikombe, ndo asante yenyewe, hukatishi maongezi. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong wa karne ya 18 alikuwa akitembea amejificha kama raia, akamimina chai kwa watumishi wake, nao hawakuweza kupiga magoti wasije wakamfichua, basi wakakunja vidole wakagonga meza badala ya magoti. Iwe kweli iwe hadithi, desturi ipo mpaka leo. Siku ya kwanza nilipogonga, dada mmoja wa kiwanda cha mabegi tunayefanya naye biashara alisimama kumimina, birika liko hewani, akacheka kwa furaha kabisa akawaambia wenzake wote waangalie, na kuanzia hapo tukawa tunaongea kama watu wanaojuana. Birika likiisha usiite mtu, fungua tu mfuniko uuweke kwa upande, mhudumu akipita anaongeza maji ya moto.

Kuagiza. Toroli za kuzungushwa mezani zimebaki sehemu chache, siku hizi ni karatasi unayotiki kwa penseli au msimbo wa QR wa kuskani na WeChat, programu ya simu ya Wachina. Kama Kichina hakipandi, fungua programu ya kutafsiri uielekeze kamera kwenye menyu. Kosa kubwa ambalo hata mimi nililifanya ni kutiki vitu kumi na moja kwa mkupuo tukiwa watu watatu, vikaja vyote ndani ya dakika kumi, meza ikajaa, nusu vikapoa, na kitu cha mvuke kikipoa ngozi inakakamaa hakina ladha tena. Agiza vitatu vinne, kuleni, ongezeni. Kwa kawaida vikapu viwili mpaka vitatu kwa mtu vinatosha. Na hesabu vipande, kikapu kina vitatu au vinne, mkiwa watano chukueni viwili vya aina moja.

Uanze na nini? Ha gau. Ni kamba waliofungwa kwenye ngozi ya wanga wa ngano, ikiiva inakuwa kama kioo unaona rangi ya pinki ya kamba kwa ndani, na juu ina mikunjo midogo imepangwa kama marinda ya sketi. Wenyeji wanapima jiko kwa ha gau. Ukiinyanyua na vijiti ngozi isichanike wala isigande kwenye kikapu, na ukiuma kamba akatike kwa kishindo kidogo mdomoni, jua hapo umefika, agiza na vingine bila wasiwasi. Ikipasuka tu ukiigusa, kunywa chai yako taratibu, kesho tafuta kwingine.

Baada ya hapo cheung fan, chapati laini sana ya unga wa mchele imekunjwa na kamba au nyama ya ng'ombe ndani, inamwagiwa soya tamu, inateleza kwelikweli, tumia na kijiko. Pale Dian Dou De wana ya mchele mwekundu, nje laini ndani kuna tabaka linalokauka kau kau halafu kamba, mimi hiyo lazima. Miguu ya kuku usiiogope, sisi si tunakunywa supu yake kila siku? Wao wanaikaanga kwanza, wanailoweka, ndo wanaipika kwa mvuke na maharage meusi yaliyochachushwa, inavimba ngozi inaachia mfupa yenyewe. Unanyonya, mifupa unaweka kwenye kisahani chako. Mwisho vitamu: kitumbua cha yai, daan taat, kile cha moto na ganda linalopukutika, na lau sa bao, mkate wa mvuke wenye kiini cha yai la bata la chumvi kinachotiririka. Huo upasue kwanza usubiri kidogo, ule uji wa ndani unaunguza ulimi vibaya.

Vijiti visikushinde, kijiko kipo na hakuna atakayekusema. Ila usivisimamishe kwenye bakuli la wali, inafanana na vijiti vya ubani wanavyowachomea marehemu. Na kama kuna jozi mbili kila mtu, ile ya kuchotea kutoka kikapu cha wote usiiingize mdomoni.

Sasa hili naomba msome vizuri, hasa ndugu zangu Waislamu na wote wasiokula kitimoto. Dim sum za kawaida zimejaa nguruwe, na mara nyingi hamuoni. Siu mai ni nguruwe. Cha siu bao, ule mkate mweupe mtamu, ni nguruwe. Keki ya figili mara nyingi ina soseji ya nguruwe ndani, wali wa kunata kwenye jani la yungiyungi unaitwa wa kuku lakini hiyo soseji nayo huwa imo. Na hata ha gau ya kamba, mapishi ya asili yanatia vipande vya mafuta ya nguruwe ili iwe laini, na ganda la daan taat la asili ni mafuta hayohayo. Mwenzangu niliyesafiri naye ni Muislamu, akaambiwa na mhudumu wa mgahawa mmoja "ni kamba tu", akala, baadaye tulipoonyesha swali kwa maandishi ndo mpishi akasema mafuta yamo. Aliumia sana na mimi niliumia kwa sababu ndiye niliyempeleka. Kwa hiyo kwa Muislamu kuchagua vitu vya kamba haitoshi, tafuta penye maandishi 清真, ndo halali. Weka pia kwenye simu 猪 nguruwe, 牛 ng'ombe, 鸡 kuku, 虾 kamba, ila ujue 叉烧, 排骨 na 烧卖 hazina herufi ya nguruwe na bado ndo yeye, na 肉 peke yake kwa kawaida humaanisha nyama yake.

Ukifika Hong Kong ni rahisi zaidi, kuna kantini ghorofa ya tano kwenye jengo la Masjid Ammar, Oi Kwan Road pale Wan Chai, dim sum zote halali, nenda mchana mapema. Ila angalia viza, kwenda Hong Kong kunahesabika umetoka China, kama yako ni ya kuingia mara moja hurudi Guangzhou.

Kumwita mhudumu ni "m goi", sauti ya juu kidogo, si ukorofi, kule kuna kelele. Bili ni "mai dan". Aliyealika ndiye anayelipa na mtavutana, vuta mara moja mbili kwa adabu halafu mwachie, ila safari ijayo alika wewe. Unganisha Visa au Mastercard yako na Alipay au WeChat, ndizo programu za kulipia kwa simu kule, kabla hujapanda ndege, keshi inapokelewa lakini chenji inawasumbua. Bakshishi hakuna Guangzhou, Hong Kong wanaongeza asilimia 10 wenyewe. Na vikibaki sema "da bao" wanakuletea boksi, daan taat mbili tatu ndani ya begi zinakufikisha mpaka jioni ukiwa bado ghalani unahesabu katoni.