Namna ya Kutunga Opera ya Kiswahili Kuhusu Mtetezi wa Haki Aliyesahauliwa

Opera ni mchezo wa jukwaani ambao maneno yake yote, au karibu yote, huimbwa. Mtu wa pwani hana sababu ya kuiona kuwa kitu kigeni mno, kwa kuwa aliyekulia Bagamoyo amesikia maulidi yakisomwa hadi usiku wa manane, amesikia utenzi wa mamia ya beti ukighaniwa kwa sauti moja, na ameketi mbele ya tarabu akimsubiri mwimbaji afike kwenye kiitikio. Mwongozo huu ni kwa vikundi vya sanaa vinavyotaka kuziunganisha nyenzo hizo katika kisa kimoja cha mtu aliyepigania haki kisha akaachwa nje ya masimulizi. Mfano nitakaoutumia ni Claudette Colvin wa Montgomery, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, ambaye kikundi chetu kimekuwa kikimtungia kazi, na ambaye naamini kwa dhati kwamba anastahili kuimbwa.

Kabla ya kutunga mstari hata mmoja, kijue kisa mpaka uweze kukisimulia bila karatasi. Tarehe 2 Machi 1955, Claudette, mwanafunzi mweusi wa miaka 15, alikuwa akirudi nyumbani kwa basi. Dereva aliwaamuru yeye na wasichana wengine watatu waondoke kwenye viti vyao ili mwanamke mzungu akae. Wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Polisi walimburuta nje ya basi, wakamfunga pingu na kumpeleka katika jela ya watu wazima. Hayo yalitokea miezi tisa kabla ya Rosa Parks, mwanamke anayekumbukwa zaidi katika mapambano hayo, kukamatwa kwa jambo hilohilo, tarehe 1 Desemba mwaka huohuo. Viongozi wa harakati za haki za watu weusi waliamua kutomfanya Claudette kuwa uso wa mapambano, kwa kuwa alikuwa mdogo, alitoka katika familia maskini, na baadaye alishika mimba. Hata hivyo alikuwa miongoni mwa wanawake wanne, pamoja na Aurelia Browder, Susie McDonald na Mary Louise Smith, ambao kesi yao iliyofunguliwa Februari 1956 ndiyo iliyobatilisha sheria ya ubaguzi katika mabasi ya Montgomery. Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha hukumu hiyo Novemba 1956, na mgomo wa watu weusi wa kutopanda mabasi, uliodumu siku 381, ukamalizika Desemba. Claudette alihamia New York na kufanya kazi ya kuwahudumia wazee kwa miaka mingi, akisema machache sana juu ya yaliyompata.

Kosa ambalo kikundi chetu kilifanya katika rasimu ya kwanza lilikuwa kuyaweka hayo yote jukwaani. Tuliamini kwamba kwa kuwa mtu huyu hajulikani, hadhira ni lazima ielezwe kila kitu, na matokeo yake mhusika mkuu aliimba kwa mara ya kwanza baada ya msimulizi kughani kwa robo saa nzima. Mzee mmoja aliyehudhuria mazoezi alituuliza, kwa upole, huyo binti mwenyewe atakuja lini. Tangu siku hiyo tumeshika kanuni moja: asiyejulikana asitambulishwe na watu wengine, bali asikike mwenyewe kabla ya jina lake kutajwa. Anza ndani ya basi. Hadhira itamfahamu kwa kukataa kwake, na maelezo ya sheria za Alabama yatapata nafasi yake baadaye, watu wakiwa tayari na hamu ya kuyajua.

Kisha tafuta katika kumbukumbu vitu viwili au vitatu vinavyoomba kuimbwa. Claudette amesimulia kwamba alipokuwa amekaa pale alihisi kana kwamba mkono wa Harriet Tubman umemkandamiza bega moja na mkono wa Sojourner Truth umemkandamiza bega la pili, kwa sababu wiki chache kabla walikuwa wakisoma darasani habari za wanawake hao waliopinga utumwa. Mtunzi wa opera hawezi kupata zawadi kubwa kuliko hiyo: sauti tatu za kike, mbili zikitoka kwa waliokwisha kufa, zikipishana juu ya msichana mmoja aliyekaa. Amesimulia pia kwamba mtu mweusi hakuruhusiwa kujaribu viatu dukani, hivyo iliwabidi wachore nyayo zao kwenye mfuko wa karatasi na kuupeleka huo. Mfuko mmoja wa karatasi wenye mchoro wa wayo, ukipitishwa mkono kwa mkono na waimbaji wa kiitikio, utaueleza ubaguzi vizuri kuliko hotuba ndefu.

Sasa lugha, ambayo ndiyo sehemu itakayokuchosha zaidi na kukulipa zaidi. Maneno ya Kiswahili huishia na irabu, jambo linalompa mwimbaji nafasi ya kushikilia sauti mwishoni mwa karibu kila neno. Lakini mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na muziki usipouheshimu mkazo huo, msikilizaji atasikia sauti nzuri bila kuelewa kinachosemwa. Neno barabara linatosha kuwa onyo: mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, ni njia wanayopita watu na magari, ukiwa kwenye silabi ya pili, ni sawasawa kabisa. Katika opera inayotokea ndani ya basi neno hilo litajitokeza mara nyingi, na mtunzi wa muziki asiyesikiliza atalipotosha kila mara. Hivyo, kabla ya kutafuta sauti, soma kila mstari kwa mdomo huku ukipiga kofi pale mkazo unapoangukia, kisha hakikisha kofi hilo linakutana na pigo zito la muziki.

Kwa mazungumzo na ushahidi wa mahakamani, tumia kughani, ambako hukaa katikati ya kusema na kuimba. Kwa nyakati ambazo moyo wa mhusika umejaa, tumia umbo la ushairi linalofahamika. Sisi tulichagua utenzi wa mizani nane, na ubeti wa kwanza wa Claudette ni huu:

Nauli nimeilipa
Kiti hiki sitakupa
Japo chini wanitupa
Haki yangu naijua

Maneno haya ni yetu, ingawa yamejengwa juu ya ushahidi wake kwamba aliwaambia polisi kuwa alikuwa amelipa nauli na kwamba ilikuwa haki yake ya kikatiba kukaa pale. Uandike mpaka huo waziwazi katika matini yenu, yaani lipi ni neno lililonukuliwa na lipi ni la mtunzi, kwa kuwa mtu ambaye historia ilimpuuza hastahili kuongezewa maneno ambayo hakuyasema.

Ala zisikusumbue sana. Udi, fidla, akodioni, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi ya tarabu) mkiipata, pamoja na ngoma mbili, zinatosha kwa ukumbi wa kiasi, na ukimwongeza mpiga zeze au marimba utapata rangi ambayo Bagamoyo imeizoea tangu zamani kupitia walimu na wanafunzi wa chuo chake cha sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Msijaribu kuiga uimbaji wa makanisa ya Alabama. Waiteni wanakwaya wa hapa na waimbe kama wanavyoimba, kwani mikutano ya mgomo wa Montgomery ilifanyika makanisani na kwaya yoyote ya kweli italibeba hilo.

Jihadhari na kishawishi cha kumfanya Rosa Parks kuwa adui. Alikuwa mlezi wa kikundi cha vijana cha NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, ambacho Claudette alihudhuria, na uchungu wa kisa hiki unazidi mtu anapoona kwamba waliomweka binti pembeni walikuwa watu wema wenye hesabu zao. Wape wimbo wenye hoja nzito, na usiwajibu haraka.

Kuhusu taratibu, kikundi kiwe kimesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Matini yapitie Bodi ya Filamu Tanzania, ambayo kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 inahusika pia na michezo ya kuigiza. Na kazi isajiliwe COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania, ili mtunzi wa maneno na mtunzi wa muziki wajue mapema nani anamiliki nini. Habari za matukio ni za kila mtu, lakini sentensi za kitabu kilichoyasimulia zina mwenyewe.

Onyesho lianze baada ya sala ya isha, na liepuke miezi ya masika ikiwa ukumbi una upande ulio wazi. Fikirieni pia desturi ya kutuza. Hadhira ya pwani ikiguswa huinuka na kumpelekea mwimbaji fedha, na hakuna sababu ya kuizuia, bali kiitikio kitungwe kwa namna inayoweza kurudiwa mara mbili au tatu bila kuvunja mwendo. Mahali pekee tulipoomba watu wabaki vitini ni ndani ya basi, na tuliomba kabla ya pazia kufunguliwa.

Onyesho la mwisho litokee mwaka 2021, Claudette akiwa na miaka 82, wakati mahakama ilipoifuta kumbukumbu ya kukamatwa kwake, miaka 66 baada ya tukio. Waimbaji wawili, msichana na bibi, wanatakiwa hapa. Bibi aanze ubeti uleule wa nauli kwa sauti ya chini zaidi, bila ngoma, na msichana aupokee kwenye mstari wa tatu. Wakae kiti kimoja, na taa izimwe wakiwa bado wamekaa.