Kutoa magadi kwa majivu ya magunzi bila kumwaga nusu yake

Sisi wa Kakamega tumekula mboga ya murere ya kuwekwa munyu tangu utotoni, yale maji mama anachuja kwa majivu ya maganda ya maharagwe. Sasa hiyo munyu ni potasiamu kaboneti, ndio hapa naita magadi, na ukiitoa kwa wingi unafika mpaka sabuni. Lakini wengi wanamwagia majivu maji mara moja, wanachukua yale ya kwanza, majivu yanatupwa na magadi bado yako ndani.

Anza na magunzi makavu ama maganda ya ndizi, yote yako na potasiamu mob. Choma pole pole mpaka majivu yawe meupe, chekecha makaa yatoke. Moto usiwe mkali sana, magadi itashikana na mchanga mchanga ulio kwa majivu ikatae kutoka. Na usiache majivu nje usiku, mvua ikinyesha imekufanyia kazi bure.

Tafuta ndoo tatu za plastiki, toboa matundu madogo chini, tandika nyasi kavu na kitambaa kizee, jaza majivu. Maji moto ya mvua yanaingia ndoo ya kwanza, yanayodondoka unayamwaga kwa ya pili, alafu ya tatu, na ya tatu ndio inakupa kali yenyewe. Endelea hivyo mpaka ya kwanza iishe nguvu, majivu yake yapeleke shamba, weka mapya na uisongeshe iwe ya mwisho. Yaani maji mapya yanakutana na majivu yaliyochoka, maji makali yanakutana na majivu mapya. Hapo tu ndio siri iko, kuni na maji ni yale yale lakini magadi inaongezeka.

Pima na yai fresh: likielea likitoa kichwa saizi ya coin ya ten bob, iko sawa, likizama pitisha tena kwa majivu mapya.

Kwa sabuni lazima uongeze chokaa. Chemsha lita moja ikauke kabisa, pima unga uliobaki, ndio ujue kila lita iko na magadi ngapi, kisha kwa yale maji yaliyobaki, kwa kila kilo mbili za magadi weka chokaa kilo moja na kidogo, koroga ikiwa moto, iache usiku mzima na uchukue maji ya juu pekee, hayo ndio ya sabuni. Chokaa ni ile ya kupaka ukuta, iliyozimwa, si ya shamba, hiyo ya shamba haitafanya kitu hata ukoroge mpaka kesho.

Glavu na miwani lazima, hayo maji makali yakikurukia osha na maji mengi hapo hapo. Na tafadhali usitumie sufuria ya aluminiamu, mimi nilitumia ya shosho, ikatoa povu na moshi wa ajabu, asubuhi ilikuwa nyeusi na imekonda chini, mpaka leo nikienda kwake napewa chai kwa kikombe cha plastiki.